Mkoba wa Mama Eugene

Mume wangu Osiako alisimama mlangoni mwa supamaketi mjini Kakamega miaka kumi na minne, akikagua mikoba ya wanaotoka. Supamaketi ilifungwa mwaka juzi. Mkono wake haujapata habari.

Kanisani ibada ikiisha husimama mlangoni bila kuombwa. Watu humdhania mzee wa kanisa, nao humfungulia mikoba. Mchungaji mwenyewe amefungua mara mbili. Mimi nimechoka kucheka.

Jumamosi ile nilimwonya tangu asubuhi. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Musanda kuzungumzia ndoa ya binti yetu Ayuma, na Ayuma anampenda huyo kijana wao Eugene kweli.

"Leo usimguse mtu," nilimwambia. "Ukiharibu, utaolewa wewe."

Alijitahidi. Kuku aliliwa, maneno yakaenda sawa. Mama Eugene, mjane mpole aitwaye Teresa, alizungumza kidogo akakubali mengi. Kwetu mkwe haondoki mikono mitupu, kwa hiyo nilimfungia njugu na kuku wa kuchoma, nikamtilia mkobani mimi mwenyewe.

Osiako alitangulia kufungua lango. Heshima ya kawaida. Kisha nikauona mkono unanyooka.

"Mkoba, mama," alisema. "Na risiti."

Nilitamani ardhi inimeze. Kumkagua mkwe ni kumwita mwizi, na posa zimevunjika kwa madogo kuliko hayo. Ayuma alishika kichwa. Eugene alitazama viatu vyake.

Teresa hakukasirika. Alifungua mkoba, akauweka chini, akainua mikono yote miwili, akatugeuzia mgongo, akatulia.

"Mama Eugene, unafanya nini?" niliuliza.

"Nilikuwanga naosha sakafu kwa duka moja kubwa huko Mumias," alijibu bila kugeuka. "Miaka kumi na mbili. Jioni walikuwa wanatupekuanga hivi ndio tuende nyumbani."

Hakuna aliyecheka. Niliona aibu, na si kwa ajili ya Osiako peke yake. Yeye aliitazama ile mikono iliyoinuliwa, akautazama wake, akauficha nyuma.



"Baba Ayuma," Teresa akasema, mikono ingali juu, "hujaniambia niende."

"Usiende," mume wangu alisema. "Rudi ndani, mama. Chai bado iko."