Ubavu wa Kushoto

Ng'washi alikataa katakata kugeuzwa. Tangu ateleze kwenye gati la Kamanga miguu ikafa ganzi, alilalia ubavu wa kushoto tu, maana ndio uliomwezesha kuutazama mlango, na kupitia mlango huo alimwona mke mwenzake, Evelina, akifungua stoo ya mitumba. Soko huria lilikuwa limemtajirisha mume wao hapo Igogo, na funguo zilizokuwa za Ng'washi sasa zilining'inia kiunoni kwa yule mtoto wa juzi. Ampe mgongo? Thubutu! Wivu nao ni ugonjwa, tena hauna nesi.

Nesi Prudencia wa zahanati ya parokia alipofunua shuka, harufu ilimpokea. Nyongani palikuwa na shimo, na ndani yake unga wa vidonge vya rangi mbili umegandamana na usaha.

"Nani kamwaga uchafu huu?"

"Mimi. Hiki si kidonda, nesi, ni mkono wa mtu. Muulize huyo!" Akamsonta kidole Evelina aliyesimama mlangoni.

"Ni mkono wa godoro, mama. Umelalia mahali pamoja, damu haipiti, nyama imekufa. Ukiendelea hivi mfupa utaoza, na hapo sitakuja mimi, atakuja padri."

Alikiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akakifunga. Alimwagiza Evelina amlaze kulia, mara chali, akimgeuza kila baada ya saa mbili. Kushoto, marufuku.

Nesi alipoondoka, Evelina alimshika mabega. Ng'washi akamng'ata.

"Usiniguse! Unataka nitazame ukuta, uibe vizuri!"

Evelina alijifuta mate mkononi. "Sikupendi, Mama Mayala, na unajua. Ila ukiozea humu, Igogo nzima itasema nimekuua mimi."

Alitoka, akarudi na wapagazi wawili wa marobota. Wakakiinua kitanda na mgonjwa juu yake.

"Jamani, ananitupa nje!" Ng'washi alipiga yowe. Aliogopa kweli, machozi yakamtoka.

Hawakumtupa. Walikizungusha kitanda, kichwani pakawa miguuni. Evelina akamgeuza kulia, akampachika sweta la mtumba katikati ya magoti. Ng'washi alipofumbua macho aliuona mlango pale pale, na stoo, na funguo.

"Haya, nitazame," alisema Evelina, akaenda kufungua biashara.

Wiki zilipita, nyama nyekundu ikaanza kuota shimoni. Ng'washi hakusema ahsante hata siku moja. Aliendelea kumchukia mwenzake, kwa ubavu wa kulia.