Nyumba Nne za Jarvis Coody

Jumanne ya kwanza baada ya hukumu, Bi Ouida Pettway alikuwa jikoni kwake akitoa kunde kwenye maganda, redio ikitangaza matokeo ya besiboli, Jarvis Coody alipoingia kwa mlango wa nyuma. Alivaa fulana ya rangi ya chungwa, ya waliohukumiwa kifo. Alifuta viatu mkekani, akasalimia, akauliza kama anaweza kukaa. Ilikuwa saa kumi jioni. Ouida alimvutia kiti na kumsogezea bakuli amsaidie.

"Nina mpaka saa kumi na mbili, bibi," Jarvis alisema. "Nimetoka kwa Bwana Teague. Kabla yake nilikuwa kwa yule mwalimu, na asubuhi kwa mama wa posta. Saa mbili mbili kila nyumba. Muda uliobaki niko gerezani."

Ouida hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mahakama ya kaunti ya Chattawee ilikuwa imewaita raia kumi na wawili waamue kama Jarvis auawe au afungwe maisha kwa kumpiga risasi muuza duka, mtoto wa Nadine Faircloth. Huku Florida si lazima wote kumi na wawili wakubaliane. Wanane wakisema afe, basi afe. Wanane walisema afe na wanne, Ouida mmoja wao, wakasema aishi. Wanne katika kumi na wawili ni theluthi, na theluthi ya siku ni muda wa saa nane, saa mbili kwa kila mmoja wao. Mwanasheria wake alipolipigia simu gereza, karani alijibu kwamba wana habari, na kwamba kwenye daftari Jarvis huandikwa yupo.

Kilichomsumbua Ouida ni kwamba Jarvis hakumtaja Verlene.

Verlene Stokes alikuwa rafiki yake wa miaka arobaini na mmoja. Waliimba safu moja katika kwaya ya Wabaptisti, na waliitwa mahakamani siku moja. Verlene ndiye aliyeendesha gari, maana macho ya Ouida yalishaanza kuingia ukungu. Walipohesabiana mara ya kwanza mle chumbani walimofungiwa waamue, walikuwa sita kwa sita, na ili Jarvis aishi walitakiwa watano tu. Verlene alimbana mkono koridoni. "Mimi na wewe, dada. Hata watuweke humu mpaka Krismasi." Kesho yake waliandika kwenye vikaratasi na kuvikunja, na waliotaka aishi wakawa wanne. Njia nzima ya kurudi nyumbani walilia garini, na Verlene ndiye aliyelia kwa sauti.

Alhamisi, saa kumi na moja kasoro robo, simu ya Ouida iliita.

"Dada, yule kijana yuko hapa kwangu," Verlene alisema. "Nimemkatia pai ya viazi vitamu. Maskini, anakula kama hajawahi kuona chakula."

Ouida alimtazama Jarvis, aliyekuwa mbele yake akichambua miiba ya kambare.

"Msalimie," alisema, akakata simu.

Jumamosi alikwenda kwa miguu mpaka kwa Verlene na hakukubali kukaa.

"Tulikuwa sita, Ouida," Verlene alisema. "Watano walitosha. Nikasema nijitoe mmoja, mbaki watano, kijana aishi, na mimi Jumapili kanisani niweze kumtazama Nadine usoni. Nilipiga hesabu."

"Na Radford, yule fundi mabomba mwenzetu wa mle chumbani, alipiga hesabu hiyo hiyo. Kwake pia Jarvis haendi."

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Ungekaa pale uliponiahidi. Pale hapakuwa na hesabu ya kupiga."

Iliuma. Wale sita waliotaka afe tangu mwanzo, Ouida hakuwachukia. Walisema walichotaka na wakakisimamia. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimemkalia begani kila Jumapili kikiimba sauti ya pili.

Alikwenda kwa hakimu kumweleza hesabu hiyo, na kwa kuwa ilikuwa saa kumi na nusu, Jarvis alikwenda naye. Hakimu alimpa Jarvis maji, akamsikiliza Ouida mpaka mwisho. Akasema sheria huhesabu kilichoandikwa kwenye karatasi, haihesabu aliyeandika alikuwa akitegemea nini.

Miaka saba ikapita. Tarehe ya kumwua ilipowekwa, saa ilikuwa kumi na mbili jioni. Siku hiyo Jarvis aliosha sahani yake saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Ouida alimshika mkono wa fulana.

"Usiende, mwanangu. Kaa tu."

"Nisipofika, watakuja kunichukulia hapa kwako," Jarvis alisema. Alivibandua vidole vya Ouida kimoja kimoja, taratibu, akatoka. Saa kumi na mbili na robo redio ilisema imekwisha. Wiki hiyo hiyo wengine kumi na wawili waliitwa kwa kesi nyingine, na wanane bado walikuwa wanatosha.

Kesho yake, saa kumi, Jarvis aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amepauka, na kitini hakuwa na uzito, lakini aliomba kazi. Ouida alimpa kitambaa apanguse vijiko.

Habari zilimfikia Verlene, akaja mbio na kusimama mlangoni mwa jiko, machozi yakimtoka.

"Bwana asifiwe! Kumbe hakufa! Unaona, dada? Hatukumwua."

"Theluthi mbili amekufa," Ouida alisema. "Iliyobaki ni ya watu wanne, na wewe si mmoja wao."

Verlene alimpita, akamsalimia Jarvis kwa jina. Akamsalimia tena, kwa sauti zaidi, akamwomba msamaha. Jarvis alipangusa kijiko, akakilaza juu ya vingine. Kisha akamgeukia Ouida na kumuuliza, kwa adabu, yeye bibi alikuwa akizungumza na nani.