Swali la Maganga

Mwaka 1934 Mwalimu Theonest alikuwa akifundisha sayansi katika shule moja ya bweni karibu na Shinyanga. Alikuwa Mzinza wa miaka ishirini na sita, na alijivunia jambo moja: katika somo lake hakuna aliyesinzia. Siku ya kufundisha hali za vitu alileta darasani bakuli la samli. Asubuhi ilikuwa imeganda, hata ukiliinamisha bakuli haisogei. Akaiweka dirishani juani, na kabla somo halijafika nusu ikawa inatiririka. Kisha akachemsha maji, akashika kibao cha kuandikia juu ya mvuke, akawaonyesha matone yakirudi.

"Kitu ni kile kile," akasema. "Kimebadili hali tu."

Siku hiyo nyuma ya darasa alikaa mkaguzi wa shule, Mzungu mwenye daftari jeusi, na kwa ajili yake Theonest alikuwa amejiandaa hasa. Akatoa kichupa cha zebaki alichopewa na rafiki yake wa machimboni, akaimimina kwenye sahani. Wanafunzi wakainuka kutazama madini yanayokimbia kama maji. Akawaeleza kuwa upande wa Geita wachimbaji huichanganya na mchanga wenye dhahabu, zebaki ikainasa dhahabu, vikawa donge moja. Donge likichomwa, zebaki hugeuka mvuke ikaenda zake, dhahabu ikabaki.

Mkono ukainuka. Alikuwa Maganga, mwana wa mfugaji wa Mhunze, mkubwa kuliko wenzake wote kwa sababu alichunga ng'ombe miaka mingi kabla ya kuletwa shule.

"Mwalimu, mvuke wa maji umerudi kuwa maji pale kwenye kibao. Sasa huo wa zebaki, mtu akiuvuta, hauwezi kurudi kuwa zebaki humo kifuani mwake?"

Darasa likacheka. Theonest hakujua jibu, na alimwona mkaguzi akiinua kalamu.

"Kaa chini, Maganga. Tunasoma hali za vitu, hatusomi vifua vya watu."

Kicheko kikazidi. Hata mkaguzi alitabasamu. Maganga akakaa.

Alasiri ile Theonest alifungua kitabu chake, akakuta chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, maneno aliyokuwa ameyaruka: mvuke wa zebaki ni sumu, isichemshwe kamwe katika chumba kilichofungwa. Akasema moyoni, nitawaambia kesho. Lakini kesho ingebidi aanze kwa kukiri kwamba Maganga aliuliza jambo la maana na mwalimu hakulijua. Juma likapita. Ikaja barua ya mkaguzi, imejaa sifa. Ikaja mitihani, na wanafunzi wakatawanyika.

Maganga hakupata nafasi ya kuendelea na masomo. Akaenda Geita, akaajiriwa na Mzungu mmoja aliyechimba dhahabu kivyake, akiwa na vibarua wachache. Mwaka uliofuata Theonest alipata barua yake.

"Nimefanywa mchomaji," aliandika. "Wenzangu wanaliogopa lile donge, wanadhani ni uchawi. Mimi nawaeleza hali za vitu kama ulivyotufundisha. Nachomea ndani ya kibanda, mlango nimefunga, upepo usisumbue moto."

Theonest aliisoma barua hiyo amesimama. Siku tatu alianza jibu akalichana. Alilolituma mwishowe lilikuwa la pongezi, na karibu na jina lake aliongeza: "Ni vema zaidi kuchomea nje." Hakuandika kwa nini.

Mwaka 1937 alisikia kuwa Maganga amerudishwa kwao, mgonjwa. Akapanda lori la pamba mpaka Mhunze.

Mke wa Maganga, Scolastika, alimpokea uani, akampa kigoda. Maganga alikuwa ameketi akiegemea ukuta. Hakuwa amefikisha miaka ishirini na mitano, lakini meno ya mbele yalikuwa yameng'oka na mikono ilitetemeka hata ilipolala magotini. Scolastika alimshikia kikombe cha maziwa, akamnywesha taratibu.

"Shikamoo, mwalimu," Maganga akasema. "Umekuja mbali."

"Marahaba. Barua yangu uliipata?"

"Niliipata. Nikachomea nje siku mbili. Upepo ukanishinda, yule bwana akagomba, nikarudi ndani. Nilisema, mwalimu anachukia moshi tu. Ingekuwa sumu, angesema."

Theonest alitazama chini.

"Nilijua, Maganga. Siku ile ile uliyouliza, nilikuta jibu kitabuni. Nikaona haya."

"Haya ya nini?"

"Ya kusimama mbele ya wenzako niseme kwamba wewe ndiye uliyeona, mimi sikuona."

Midomo ya Maganga ilikuwa ikichezacheza, na Theonest hakuweza kujua kama anatafuta neno au ni ule ugonjwa. Scolastika ndiye aliyesema, kikombe bado mkononi.

"Hilo swali nalifahamu. Alikuwa akinisimulia huku anajicheka. Anasema, siku moja niliuliza ujinga mbele ya Mzungu, shule nzima ikanicheka."

Ndama alilia nyuma ya nyumba.

"Haukuwa ujinga," Theonest akasema.

"Mwambie yeye," Scolastika akajibu. "Mimi sikucheka."

Theonest akamgeukia Maganga akalirudia neno hilo, lakini Maganga alikuwa amekwisha kusahau walikuwa wakizungumza nini. Akamwuliza mwalimu kama mvua zimenyesha Shinyanga. Theonest akasema bado. Baada ya kitambo Maganga akamwuliza tena, naye akajibu vile vile.

Theonest alipoaga, Maganga alitaka kumsindikiza kama ilivyo desturi. Walifika kwenye boma la ng'ombe, miguu ikamkatalia, Scolastika akaja kumshika. Theonest aliendelea peke yake mpaka barabarani, akiwa amewaahidi kwamba atarudi wakati wa likizo. Hakurudi.

Maganga alifariki mwezi wa nane mwaka uliofuata. Habari ililetwa kwa barua fupi iliyoandikwa na katekista kwa niaba ya Scolastika: siku aliyokufa, mahali alipozikwa, na salamu kwa mwalimu. Lawama haikuwamo. Theonest alipanga kwenda kuhani. Juma la kwanza aliwaambia walimu wenzake kwamba ana mitihani ya kusahihisha. La pili hakwenda wala hakutoa sababu, na wao hawakumwuliza.