Kikombe cha Mizizi

Asubuhi hiyo nilimkuta mama mkwe wangu barazani, kidonge chake cha presha kiganjani, akisubiri maji ya kumezea. Hakosi hata siku moja. Mimi vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa kliniki nilikuwa navificha kwenye gunia la mdalasini, kama mwizi, maana alishasema mjamzito hanywi dawa za hospitali: mtoto atakuwa mkubwa, nitapasuliwa. Badala yake alikuwa ananichemshia mizizi, na mume wangu Luqmani anajifanya haoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Shadya. Mizizi yako iko jikoni, imeshapoa."

Nilikuwa nimechoka. Nilipokuwa napandisha na ndoo kutoka mtoni, kizunguzungu kilinikalisha chini njiani. Nikaleta kikombe, nikakiweka mbele yake.

"Leo kunywa wewe, Mama. Hicho kidonge kiache."

"Mimi nina presha! Unataka nianguke?"

"Kwani mizizi haitoshi?"

"Nani kakwambia mizizi inatibu presha?"

"Na nani kakwambia inaongeza damu?"

Alinikazia macho, nikajua nimevuka mipaka. Kisha akakichukua kikombe, akakinusa, akakimwagia migombani.

"Kalete vile vya kwenye gunia la mdalasini," akasema. "Na maji, ya kututosha wote wawili."