Gurudumu Linataka Malisho

Mwaka ule karanga za Wazungu zilikuwa zimeshakufa Kongwa na matrekta yao yanaota kutu nyasini, lakini kiwanja cha ndege kilibaki, kirefu, chekundu, tambarare kama kiganja. Wazungu waliosalia, wasiojua wakifanyie nini kiwanja kitupu, wakaanza kushindania magari juu yake. Wahindi wenye gereji mjini Dodoma wakajiunga. Wala si magari haya unayoyajua, ya milango na viti vya nyuma. Yalikuwa ya kiti kimoja, membamba kama ganda la ukwaju, injini ya pikipiki mgongoni mwa dereva, magurudumu yametokeza nje kama miguu ya chura. Yaliitwa daraja la pili. Daraja la kwanza, la injini kubwa, lilikuwa Nairobi, na huko hakuna aliyewaalika.

Mustapha, Mrangi wa Kondoa, alikuwa fundi wa gari la Firoz, mtoto wa mzee Rajabali mwenye gereji karibu na stesheni. Matonya, Mgogo wa Buigiri, alikuwa fundi wa gari la Mzungu mmoja aliyeitwa Bwana Miwani, maana jina lake halisi liliwashinda watu midomoni. Magari hayo mawili yalifukuzana msimu mzima, Dodoma, Mpwapwa, Kongwa, mengine yakila vumbi nyuma. Na mafundi wake walikuwa watani, kabila kwa kabila.

Mtani si rafiki tu. Mtani atakuvua kofia mbele ya wakweo, atabeba kuku wako mchana kweupe, atakwambia marehemu babu yako alikufa kwa ulafi, na ukinuna mwenye makosa ni wewe. Kwa hiyo wawili hawa kila walipokutana ilikuwa vita.

"We Mrangi, ni kweli huko Kondoa udongo wenyewe umehama?" Matonya angeuliza, kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu. "Umewatazama wenyeji wake ukaona bora ukimbie na mvua?"

"Bora udongo uhame. Nyie mbuzi anapanda juu ya paa la tembe, mnasikia kishindo mnadhani mgeni, mnamwambia karibu!"

Watu wanacheka, hao wawili wanaazimana spana. Hakuna siku Mustapha alimwita mwenzake kwa jina. Alikuwa Mgogo, na yeye alikuwa Mrangi, na hayo ndiyo yalikuwa majina yao ya mapenzi.

Sasa Firoz alikuwa amemwekea Mustapha neno moyoni. "Fundi, tukishinda msimu huu, mwakani Mpwapwa unaendesha wewe. Nimeshasema na baba, amekubali." Basi Mustapha akawa mtu mwingine. Alikuwa akiingia ndani ya lile gari gereji ikiwa tupu, anashika usukani, anakunja kona anazoziona ukutani. Hakuna mtu mweusi aliyekuwa ameendesha bado. Alitaka awe wa kwanza, akataka sana, mpaka akaona aibu kumwambia hata mkewe Mishi.

Ikaja siku ya mwisho, Kongwa. Magari mawili yalikuwa sawa kwa alama. Asubuhi Bwana Miwani akaamka anatetemeka kwa homa, meno yanagongana, hawezi hata kushika kikombe. Sheria ya klabu ilisema alama ni za gari, na gari litaendeshwa na mwenyewe au mtu wa gereji yake. Aliyeiandika hakumfikiria Matonya. Lakini ndivyo ilivyoandikwa, na Bwana Miwani, kwa ubishi au kwa homa, akasema Matonya ataendesha.

Matonya alikuwa chini ya pua ya gari, anakaza nati ya tairodi, ile fimbo inayopeleka usukani kwenye gurudumu. Ameshaikaza, bado kupitisha pini tu, kale kawaya kanakoizuia nati isijifungue. Akaitwa: njoo upimwe kofia ya chuma. Nani angengoja? Aliinuka akikimbia, akavishwa kofia, akavishwa miwani ya vumbi, na Wagogo waliokuja kutazama wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe wa mbali wakainua vichwa. Mkewe Zipora alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

Mustapha alikuja kuazima koleo. Aliinama kuliokota chini ya gari la Matonya, na macho ya fundi huenda yenyewe. Nati ilikuwa pale. Tundu la pini lilikuwa tupu, na mwanga unapita.

Alisimama. Mweusi wa kwanza kuendesha ni huyu sasa, amevaa kofia. Na gari hili likishinda, Mpwapwa hakuna.

"We Mgogo!" alisema, na mwenyewe alisikia sauti yake inavyopanda kule juu kwenye utani. "Hilo gurudumu lako naliona linataka kwenda malishoni peke yake!"

"Likienda jioni litarudi," Matonya akajibu, "si kama udongo wa Kondoa!"

Watu wakaangua kicheko. Mustapha naye akacheka. Akachukua koleo akaondoka, na njiani moyo wake ukamwambia: umesema. Hakuna atakayesema hukusema. Alijua mtani haaminiki kwa jambo kama hilo. Ndiyo maana alilisema hivyo.

Bendera ikashuka. Matonya hakuendesha kama mtu anayejaribu; aliendesha kama mtu anayerudi kwao. Alimpita Mzungu wa Mpwapwa, akampita mwingine, akamshika Firoz, wakaenda bega kwa bega, kisha akatangulia. Mustapha alikuwa amesimama na bendera ya kumpungia Firoz, hapungi. Kila gari la mbele lilipokunja kona ya mapipa, alihesabu moyoni kama mtu anayesubiri radi. Angeweza kukimbia uwanjani akainua mikono. Alifikiri hivyo raundi moja, akafikiri raundi nyingine.

Kwenye kona ya mapipa gurudumu moja likaelekea kushoto, lingine likabaki lilivyokuwa. Gari likaruka, likaingia kwenye miiba, likamlalia Matonya. Firoz akapita. Firoz akashinda msimu.

Mustapha ndiye aliyefika pale wa kwanza, ndiye aliyelinyanyua gari. Watu walimsifu kwa hilo pia.

Hospitalini wakaukata mguu wa kulia chini ya goti. Gereji nako wakapika pilau, mzee Rajabali akamvisha Mustapha shada la maua ya manjano, Firoz akampiga begani: "Dereva wa Mpwapwa!" Mustapha alitia tonge mdomoni, likagoma. Akatoka nje akalitema nyuma ya mapipa ya mafuta, shada limening'inia shingoni.

Alikwenda hospitali, akakuta wodi nzima inacheka.

"Huyo anakuja!" Matonya alipaza sauti kitandani. "Jamani, huyu ndiye mchawi niliyewaambia! Alisema gurudumu linataka malisho, nalo likasikia! Mrangi, umekuja kuchukua mguu uliobaki?"

"Shemeji, kaa mbali naye," Zipora alisema akicheka, anamsogezea kigoda. "Kinywa chako kina dawa. Chuma cha Ulaya kimevunjika kwa neno lako!"

"Chuma cha Ulaya," Matonya akaafiki. "Kazi ya Mungu. Ningekuwa nimekosea mimi, nisingelala. Lakini chuma, utakifanya nini?"

Mustapha hakukaa. "Mgogo, niliona."

"Aliona! Mnamsikia?"

"Nilisema utani makusudi. Haki ya Mungu niliona."

"Haki ya Mungu!" Mgonjwa wa kitanda cha pili alishika mbavu. "Warangi hawaachi utani hata wodini!"

Alijaribu tena, na kila alivyoapa ndivyo walivyocheka, maana hata kuapa ni utani. Mwisho akainama, akasema polepole kama fundi anavyomwambia fundi:

"Matonya. Nati ya tairodi, upande wa kushoto. Tundu lilikuwa tupu. Mwanga ulipita, nikauona. Nikakuachia uende, kwa sababu nilitaka Firoz ashinde, niendeshe mimi."

Lilikuwa jina lililoua kicheko. Matonya alimtazama. Kisha macho yake yakamhama, yakaenda mbali, yakarudi Kongwa asubuhi ile, chini ya pua ya gari, anaitwa akapimwe kofia. Mustapha aliona yanapofika. Hapo ndipo alipotambua kitu ambacho hakukifikiria njia nzima: kwamba alikuja kuutua mzigo wake, na alikuwa ameutua juu ya kifua cha mtu aliyekatwa mguu.

"Pini," Matonya alisema taratibu. "Niliiweka mfuko wa shati." Mkono wake ukapapasa kifua, mahali pa mfuko. "Basi chuma hakikuvunjika."

"Kosa ni langu. Mimi niliona."

"Na mimi niliacha."

Zipora alikiondoa kigoda, bila kelele, akakirudisha ukutani.

"Ahsante kwa kuja, Bwana Mustapha," Matonya akasema.

Mpwapwa Mustapha hakwenda. Alimwambia Firoz macho yanamsumbua, na Firoz akampata mtu mwingine, kijana wa reli, ambaye wala hakumaliza raundi ya pili.

Mvua zilipokwisha, Mustapha alimwona Matonya sokoni Dodoma, amesimama na gongo kwapani, anachagua uwele. Miguu ilimtaka ageuke. Hakugeuka. Alimwendea mpaka mbele yake, akakusanya sauti yake yote, akaitupa juu watu wasikie:

"We Mgogo! Siku hizi unachungwa na fimbo yako mwenyewe?"

Watu wakageuka, midomo tayari kwa kicheko. Alingoja. Alitaka atukanwe yeye na ukoo wake, na udongo wa Kondoa wote, avuliwe kofia ikanyagwe matopeni.

Matonya alihamisha gongo, akatoa mkono wa kulia, akausogeza mbele kwa heshima.

"Hujambo, Bwana Mustapha. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo," Mustapha akasema.

"Mama watoto?"

"Hajambo."

"Na kazi?"

Na Mustapha, kofia yake bado kichwani, ikambidi ajibu hilo nalo.