Nyama ya Jumamosi

Siku ya sita tangu arudi kutoka hospitali, Mutunga alikuwa bado amekaza midomo. Kaveke, aliyekuwa mke wake kwa miaka thelathini na minne, alimletea uji, akausukuma kando kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu. Alimletea supu, akageukia ukuta; alikubali maji tu. Kiharusi kilikuwa kimemchukulia mkono wa kulia na maneno yote, lakini muuguzi alimjaribu kwa kijiko akasema anameza vizuri, apewe tu chakula laini kisicho na chumvi kwa sababu ya presha. Kwa hiyo Kaveke alijua kwamba mumewe hakushindwa kula. Alikuwa amekataa.

Ijumaa binti yao Nthiwa, mwenye duka kule Mwingi, alimpigia mama yake simu.

"Mwaitu, Jumatatu nakuja na gari tumrudishe hospitali. Watamwekea mpira wa kupitisha chakula puani."

Mara ya kwanza walipomwekea mpira huo aliung'oa, damu ikamjaa kidevuni, wakaufunga mkono wake kwenye chuma cha kitanda. Kaveke alikuwa amesimama hapo hapo. Alimwambia Nthiwa hataki kuona mkono huo umefungwa tena.

"Basi ale, Mwaitu," Nthiwa akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka.

Mutunga alikuwa amepika miaka ishirini katika hoteli moja Kibwezi, kando ya barabara ya Mombasa. Wasafiri walisimama hapo kwa sababu ya nyama yake ya nguruwe yenye mchuzi mzito wa krimu. Aliipika leo, akaiuza kesho, kwani alisema nyama lazima ilale ndani ya mchuzi wake. Nyumbani aliipika Krismasi tu, na alifukuza kila mtu jikoni. Kaveke alijua kuila. Kuipika hakujua.

Jumamosi asubuhi alienda sokoni Nunguni akanunua kilo moja ya bega la nguruwe. Krimu alikuwa amekusanya siku tatu, akiitoa juu ya maziwa ya ng'ombe wake, ikafika vikombe viwili. Alikaanga nyama kwa mafuta yake yenyewe mpaka ikawa kahawia, akatia vitunguu, kitunguu saumu na pilipili manga, akaongeza maji, akaiacha saa mbili ilainike. Kisha akamimina kikombe kimoja cha krimu. Mchuzi ukakatika mbele ya macho yake, mafuta upande mmoja, maji upande mwingine, na chembe nyeupe zikielea katikati.

Alitoa vipande vya nyama kimoja kimoja, akamwaga mchuzi nje. Halafu akaingia chumbani na mikono yake yenye mafuta, akasimama mbele ya kitanda.

"Baba Nthiwa, nimeharibu. Hii kitu yako siiwezi. Na Jumatatu watakufunga huo mkono, na mimi nitakuwa nimesimama tu nikiangalia."

Mutunga alitazama dari.

Kaveke hakuwa na jambo lingine la kujaribu. Alibeba jiko la makaa akaliweka nje ya mlango wa chumba, akakata vitunguu vingine, akatengeneza mchuzi upya, akarudisha nyama. Ulipoanza kutokota kwa nguvu, alisikia kishindo ndani. Mutunga alikuwa akipiga ubao wa kitanda kwa kiganja. Alikuwa ameinua kichwa, anatazama sufuria, na mkono wake ulishuka, ukashuka tena. Kaveke alichelewa kuelewa. Kishindo kikaja cha pili, kwa hasira. Ndipo akaelewa kwamba anaambiwa ashushe, akaipua sufuria.

Aliposhika kikombe cha krimu, Mutunga alimzuia kwa ishara ya mkono. Alionyesha mwiko, kisha sufuria, kisha kikombe. Kaveke akachota mchuzi wa moto kidogo, akautia kwenye krimu, akakoroga, akamtazama. Mkono ukasema ongeza. Akaongeza. Krimu ilipopata joto aliimimina polepole, na mchuzi ukabaki mmoja, laini. Alifunika sufuria. Mutunga alikuwa amerudisha kichwa kwenye mto na amefumba macho.

Jioni hiyo alikataa uji.

Jumapili Kaveke hakuenda kanisani. Alipasha nyama kwa moto mdogo, akaiponda kwa uma mpaka ikawa kama ugali mwepesi, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akachota kijiko kimoja. Kijiko kiligusa midomo, midomo ikabaki imefungwa. Alikishikilia hapo mpaka bega likamuuma.

Midomo ikafunguka.

Mutunga alitafuna kwa muda mrefu, upande mmoja, akameza. Alikula vijiko vinne. Cha tano alikataa, na Kaveke hakumlazimisha. Yeye mwenyewe alikula kilichobaki kwenye sahani, chakula chake cha kwanza tangu jana, na ndipo alipoonja jinsi kilivyokuwa chapwa mdomoni bila chumvi.

"Haina chumvi, Baba Nthiwa," akasema. "Na umekula."

Mutunga alimtazama, machozi yakimshuka upande ule wa uso ambao bado ulikuwa na uhai. Kaveke alimfuta kwa kitambaa cha jikoni, kisha akatoka nje kumpigia Nthiwa simu, kumwomba aje Jumatatu, lakini kwanza akae aone babake akila.