Mchekeshaji wa Katuba

Bénie alikuwa na hasira isiyomwisha. Katika filamu zote za zamani zisizo na sauti alizozikusanya, wanaume waliandikwa majina, na wanawake waliowavunja watu mbavu waliandikwa "mke" au "mtumishi". Hata ile aliyoikuta kwenye ghala la parokia, iliyopigwa hapa hapa mtaani Katuba, ilimwita nyota wake "mke wa Désiré". Na mke wa Désiré yu hai! Ni Mama Mutale, mwenye miaka themanini na ushei, kiongozi wa akina mama Wakatoliki.

Bénie alikwenda kumwomba ruhusa ya kuionyesha. Mama akakubali, kwa sharti.

"Mutoto yangu, ile filme nilifanya juu bantu bacheke. Kisha bwana yangu akanikataza kucheza tena. Kama habacheke, uichome."

Jioni ya onyesho, ukumbi wa parokia ulijaa hadi madirishani. Hapo Bénie, kwa upendo wake wote, akazidisha chumvi. Alisimama akahutubia juu ya heshima na mateso ya wanawake waliosahauliwa, akalitaja jina zima, Mutale Delphine, watu wakainamisha vichwa kama wako misani.

Filamu ikaanza ukutani. Binti mwembamba mwenye ndoo kichwani akamkimbia polisi, akateleza, akaanguka chali, ndoo ikamvaa polisi hadi mabegani. Kimya. Nani angethubutu kumcheka kiongozi wa akina mama, naye ameketi mstari wa mbele? Mama Mutale akainama, akaitazama mikono yake. Bénie alitamani ardhi ipasuke immeze.

Ndipo akainuka Mapalo, mjukuu wa mama, muuguzi, mtu mzima na watoto wake. Mjini hapa mjukuu ana haki yake ya utani: hata kwenye kilio huvaa nguo za marehemu akamwigiza mbele ya jeneza, na hakuna wa kumkemea. Mapalo akachukua ndoo ya kudekia, akajitwika, akatembea kwa maringo ya bibi yake, nkambo wake, akajibwaga chini.

Ukumbi ukalipuka. Wakamcheka Mapalo, wakamcheka binti wa ukutani, wakafutana machozi.

Mama Mutale peke yake hakucheka. Akasimama polepole, akiegemea fimbo. Bénie akadhani amewaudhi wazee.

"Mapalo, weye! Nkambo yako hakuangukaka vile. Unaanguka sawa muntu anaogopa kuumia."

Akamgeukia Bénie, akamkabidhi fimbo.

"Nishikie hii."